Pepsis formosa au Pepsis grossa? Jina la nyigu mwinda-tarantula, mabano yake na ramani ya makazi

LeboMbili (swali)

Wakuu, habari za humu. Napanga jedwali la rekodi za wale nyigu wakubwa weusi wenye mng'ao wa buluu wanaowinda tarantula, ambao kwa Kiingereza huitwa mwewe wa tarantula. Rekodi zote ni za kusini mwa Marekani na Meksiko, za miaka tofauti sana, na kila mwenye lebo aliandika alivyojua.

Lebo moja inasema Pepsis formosa (Say). Nyingine inasema Pepsis grossa (Fabricius, 1798). Ya tatu ina majina matatu kwa mfuatano: Pepsis formosa pattoni. Kwenye picha kuna wenye mabawa ya rangi ya machungwa na wenye mabawa meusi tii. Hii ni spishi moja, mbili au tatu? Kwa nini Fabricius na Say, waliotunga majina hayo, wamefungiwa kwenye mabano, ilhali Pepsis thisbe Lucas, 1895 yuko wazi? Halafu familia yenyewe, Pompilidae, orodha moja inaiweka chini ya Vespoidea na nyingine chini ya Pompiloidea. Niandike ipi?

La mwisho ni ramani. Nukta kadhaa zimeangukia China. Najua haiwezekani, ila sijui nizifute au kuna namna ya kuziokoa.

PiniNamba3

Mkuu, tuanze na jina, maana ndilo lenye jibu fupi: formosa na grossa ni visawe, na jina halali leo ni Pepsis grossa. Fabricius alitangulia mwaka 1798, Thomas Say akafuata mwaka 1823. Katika majina ya wanyama anayetangulia ndiye mwenye haki, mradi alichapisha baada ya mwanzo wa mwaka 1758, na mradi majina yote mawili yanamhusu mnyama yule yule. Sharti la pili ndilo lililochukua muda. Wataalamu wa Amerika Kaskazini walikuwa na formosa yao, na marekebisho ya Paul Hurd ya mwaka 1952, yaliyohusu spishi za Pepsis za kaskazini, yaliimarisha matumizi hayo. Jina la Fabricius lilikaa kando mpaka mtu mmoja alipoipitia jenasi nzima, kaskazini na kusini kwa pamoja, sampuli mkononi. Mtu huyo ni Colin Vardy. Kazi yake ilitoka kwa sehemu tatu, mwaka 2000, 2002 na 2005, na kundi la grossa limo kwenye sehemu ya pili. Alibaki na spishi zaidi ya 130 katika jenasi yote. Ukikuta orodha ya Marekani ya kabla ya hapo inasema formosa na ya baada ya hapo inasema grossa, sababu ndiyo hiyo. Hakuna nyigu aliyetoweka wala mpya aliyegunduliwa.

Mabano sasa. Hayasemi kwamba mwandishi ana mashaka, wala kwamba jina limekataliwa. Yanasema jambo moja tu: spishi hii ilipotajwa mara ya kwanza ilikuwa kwenye jenasi nyingine. Jenasi Pepsis ilitungwa na Fabricius huyo huyo mwaka 1804, miaka sita baada ya kulitoa jina grossa, kwa hiyo mwaka 1798 asingeweza kuliweka humo hata angetaka. Say naye alimwita Pompilus formosus. Lucas alipokuja mwaka 1895 jenasi Pepsis ilikuwapo, akamweka thisbe moja kwa moja mahali pake, basi hana mabano. Ndivyo ilivyo pia kwa Pepsis mildei Stål, 1857.

Wengi huharibu hapa: wanaongeza mabano kila mahali ili jedwali lifanane, au wanayaondoa yote. Ukifanya hivyo umepoteza taarifa, kwa sababu bila mabano msomaji ataenda kumtafuta Fabricius 1798 chini ya Pepsis na hatamkuta.

Angalia na miisho. Pompilus ni jina la kiume katika Kilatini, Pepsis ni la kike. Kivumishi kinafuata jinsi ya jenasi, ndiyo maana formosus akihamia Pepsis anakuwa formosa. Ukikuta lebo imeandikwa "Pepsis formosus", usiihesabu kuwa jina la nne; ni kosa la sarufi tu. Mildei haibadiliki popote iendapo, kwa sababu si kivumishi bali ni "wa fulani".

Kuhusu pattoni, hilo lilikuwa jina la nususpishi chini ya formosa. Hifadhi neno hilo kwenye safu ya maandishi ya awali, lakini usilipe mstari wake kwenye orodha ya spishi.

MshipaWaBawa

Naongezea kwenye rangi, kwa sababu ndipo makosa mengi ya majina yanapozaliwa.

Pepsis grossa ana sura zaidi ya moja ndani ya spishi ile ile. Iko ya mabawa ya machungwa, iko ya mabawa meusi, na kaskazini mwa Meksiko imetajwa ya kati, yenye bawa la giza ambalo ncha yake ina rangi ya kaharabu. Kwa hiyo rangi ya bawa haiwezi kutenganisha spishi hapa. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: bawa la machungwa lenye mwili mweusi-buluu analo pia Pepsis thisbe, na analo Hemipepsis ustulata, ambaye si jenasi hiyo kabisa. Wanaishi maeneo yanayoingiliana na wote wana mwiba mkali, kwa hiyo kufanana kwao kunawafaa wote: ndege aliyechomwa na mmoja huwaacha na wengine. Hata nzi wamejiunga. Nzi wa jenasi Mydas huigiza sura hiyo vizuri kiasi cha kumdanganya mpiga picha. Hesabu mabawa: nzi ana jozi moja, nyigu ana mbili. Vipapasio vya Mydas vina kirungu mwishoni, vya Pepsis havina.

Kwa hiyo usianze na rangi. Hakikisha kwanza ni Pompilidae. Ubavuni, kwenye kidari, kuna mfereji unaokata ile sahani ya katikati kwa mshazari. Huo ndio muhuri wa familia. Miguu ya nyuma ni mirefu, paja linafika karibu na mwisho wa fumbatio. Kiuno ni kifupi, si uzi mrefu kama wa nyigu wajenzi wa udongo wa jenasi Sceliphron, ambao nao hukusanya buibui na huwachanganya watu. Tofauti ya tabia nayo inasaidia: Sceliphron hujaza chumba kimoja buibui wadogo wengi, Pompilidae huweka buibui mmoja kwa yai moja.

Ukishapata familia, angalia miundi ya nyuma. Katika nusufamilia Pepsinae, alimo Pepsis, vijimiiba vya mwisho wa muundi vina urefu unaolingana na vimejipanga. Katika Pompilinae vina urefu tofauti na vimetawanyika ovyo. Jike wa Pepsinae ana pia mfereji unaokatiza bamba la pili la chini ya fumbatio, ila huo hauonekani kwenye picha ya juu. Lazima umgeuze.

Jinsia ni rahisi, na usiipuuze kwa sababu funguo nyingi huanzia hapo. Jike ana pingili 12 kwenye kipapasio, dume ana 13. Jike aliyekufa mara nyingi vipapasio vyake vimejikunja. Kwa fumbatio, jike huonyesha pingili sita, dume saba.

Kutoka hapo kwenda jenasi na spishi unahitaji mishipa ya bawa la mbele, hasa pale mshipa wa kurudi wa kwanza unapokutana na seli ya pili iliyo chini ya ukingo, na kwa madume unahitaji bamba la mwisho la chini ya fumbatio, lile linalofunika viungo vya uzazi. Umbo lake na nywele zake ndivyo vinavyotenganisha madume wa Pepsis kwa uhakika. Dume aliyepigwa picha kutoka juu, mabawa yamefungwa mgongoni, hawezi kutambuliwa hadi spishi. Muandike "Pepsis sp." na usione aibu. Kama hata jenasi haionekani, muandike "Pepsinae".

LeboMbili

Ahsanteni sana wakuu. Nimeelewa mabano. Sasa naomba kuuliza: kama formosa na grossa ni visawe, si naweza kubadilisha neno formosa kuwa grossa kwenye jedwali lote kwa mkupuo mmoja nikamaliza? Na jimbo la New Mexico je? Sheria yao inamtaja mdudu wa jimbo kwa jina Pepsis formosa hadi leo. Hapo nani yuko sahihi?

PiniNamba3

Usibadilishe kwa mkupuo. Kisawe kinaunganisha majina, hakihakikishi kwamba aliyeandika lebo alimtambua mnyama sawasawa. Lebo ya zamani iliyosema formosa inaweza kuwa na grossa wa kweli chini yake, au thisbe, au Hemipepsis aliyewekwa humo kwa sababu ya mabawa ya machungwa tu. Ukibadilisha neno kwa mashine, kosa la mtu wa zamani linavaa jina jipya na kuonekana limehakikiwa.

Tengeneza safu tatu. Ya kwanza ni maandishi ya lebo jinsi yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, na haiguswi tena. Ya pili ni tafsiri ya jina kwa kufuata visawe: hapo formosa inakuwa Pepsis grossa (Fabricius, 1798). Ya tatu inasema utambuzi umetegemea nini: sampuli imeonwa kwa darubini, picha imeonwa, au lebo imeaminiwa tu, pamoja na mwaka wa utambuzi. Mtu akitaka kuchora ramani ya uhakika atachuja kwa safu ya tatu. Akitaka kujua historia ya jina ataitumia ya kwanza.

Kwenye sampuli zenyewe ni vivyo hivyo. Lebo mpya ya utambuzi huongezwa chini ya zile za zamani kwenye pini ile ile, ikiwa na jina kamili, aliyetambua na mwaka. Za zamani haziondolewi hata kama zimekosea. Lebo yenye kosa inaeleza kwa nini kitabu fulani cha zamani kilidai spishi ipo mahali fulani.

New Mexico waliipitisha sheria hiyo mwaka 1989, na wakati huo formosa ndilo lililokuwa likitumika kwao. Kanuni za majina ya wanyama haziamrishi mabunge, wala bunge haliamui visawe. Mnyama aliyekusudiwa ni yule yule. Kwenye jedwali lako sheria si rekodi ya sampuli, kwa hiyo haihitaji mstari.

Papasi12

Swali dogo kwa PiniNamba3. Formosa limetumika mno, limo kwenye vitabu na hadi kwenye sheria. Si kuna kanuni inayoruhusu jina la baadaye lililozoeleka kulishinda la zamani lililosahaulika?

PiniNamba3

Ipo, lakini ni ngumu kuliko inavyosemwa. Kwanza, jina la zamani liwe halijatumika kama jina halali baada ya mwaka 1899. Pili, jina la baadaye liwe limetumika kama jina halali katika angalau kazi 25, za waandishi angalau 10, ndani ya miaka 50 iliyotangulia, na kazi hizo zisambae katika kipindi kisichopungua miaka 10. Yote mawili, si moja. Na anayetaka kugeuza ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha ushahidi kwa kuchapisha, si yule anayefuata utangulizi. Kuzoeleka kwa jina mitaani au kwenye sheria hakuhesabiwi kabisa.

Orodha za sasa zimemfuata Vardy. Ukiandika formosa leo kama jina halali, jiandae kuulizwa.

MshipaWaBawa

Kuhusu familia ya juu ambayo haijajibiwa: andika Pompiloidea. Zamani Pompilidae waliwekwa ndani ya Vespoidea pamoja na nyigu wa karatasi na hata siafu na sisimizi. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kapu hilo la Vespoidea lilikuwa na koo zisizo na mzazi mmoja wa karibu, likagawanywa. Pompilidae wakabaki na jamaa zao wa karibu kama Mutillidae, wale majike wasio na mabawa wenye manyoya ya rangi, na Sapygidae. Orodha inayosema Vespoidea haijakosea kwa wakati wake, imechakaa tu. Chini ya familia, mgawanyo wa mwaka 2015 unatambua nusufamilia tano: Ceropalinae, Ctenocerinae, Notocyphinae, Pepsinae na Pompilinae. Familia nzima ina spishi karibu 5,000.

Kwa jedwali la spishi moja, mimi ningeandika familia, nusufamilia na jenasi, basi. Kadiri unavyopanda juu ndivyo safu zinavyochakaa haraka, na hakuna anayechuja rekodi za Pepsis kwa familia ya juu.

NyuziNaDakika

Habari wakuu. Ramani ni eneo langu, naingia hapo.

Jenasi Pepsis ni ya mabara ya Amerika pekee. Haipo Afrika, Ulaya, Asia wala Australia. Hemipepsis ndiye aliye na spishi pande zote mbili za bahari, Afrika ikiwamo, kwa hiyo nukta ya "Pepsis" nje ya Amerika ni mojawapo ya mambo mawili: jina si sahihi, au namba si sahihi. Ramani ya Pepsis grossa yenyewe inaanzia kusini mwa Marekani, inapita Meksiko na Amerika ya Kati, inafika kaskazini mwa Amerika Kusini.

Nukta zako za China zina dalili zote za alama ya kutoa iliyopotea. Longitudo za magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Chukua mahali katikati ya New Mexico: latitudo 35, longitudo kutoa 106. Ondoa alama hiyo na unatua latitudo 35, longitudo 106 mashariki, ambayo ni kaskazini ya kati ya China. Usizifute. Rudisha alama, kisha linganisha na jina la mahali lililo kwenye lebo. Zikikubaliana, rekodi imepona; andika kwenye safu ya maelezo kwamba umerekebisha, na uache namba ya awali ionekane. Zisipokubaliana, jaribu kuona kama latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Hilo ni rahisi kulikamata huku: latitudo haiwezi kuzidi 90, na longitudo nyingi za eneo hili huzidi.

Kosa linalofuata halionekani kwenye ramani ya bara, kwa hiyo ni hatari zaidi. Lebo inasema nyuzi 34 dakika 30. Mtu anaandika 34.30. Sahihi ni 34.5, kwa sababu dakika 30 ni nusu ya nyuzi. Tofauti ya 0.2 inaonekana ndogo lakini nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, basi umemsogeza nyigu kilomita 22. Katika nchi ya milima na jangwa, kilomita 22 zinatosha kumtoa bondeni kwenye vichaka na kumweka juu kwenye misonobari. Dalili yake: kwenye safu ya desimali, ukiona tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazivuki 59 katika rekodi zote za chanzo kimoja, karibu hakika ni dakika zilizovaa nguo ya desimali.

Kisha majina ya mahali. "N. Mex." ni New Mexico, si kaskazini mwa Meksiko, ingawa watu huisoma hivyo. "Lower California" ya lebo za zamani ni Baja California, iliyo Meksiko. Si kusini mwa jimbo la California. "Las Vegas" pasipo jimbo ni mtego: iliyo maarufu iko Nevada, lakini New Mexico nayo ina mji wa jina hilo hilo. "Santa Fe" inaweza kukupeleka New Mexico au Argentina, na kwa kuwa Pepsis wapo kote kuwili, jenasi haikusaidii kuchagua. Hapo tazama jina la mkusanyaji, tarehe, na lebo nyingine za safari ile ile: sampuli za siku iliyotangulia na iliyofuata hukuonyesha msafara ulikuwa wapi.

Rekodi yenye jina la nchi pekee, kwa mfano "Mexico", usiipe nukta. Programu nyingi huiweka katikati ya nchi, na baada ya rekodi kumi utaona rundo la nyigu mahali ambapo hakuna aliyewahi kukusanya. Ipake nchi rangi nyepesi, nukta zibaki kwa rekodi zenye mahali. Kila nukta iwe na safu ya kosa linalokadiriwa kwa mita. Mji bila maelezo zaidi, ukipewa kosa la mita 5,000 hadi 10,000, ni uaminifu kuliko tarakimu sita za desimali zilizotoka kwenye injini ya kutafuta majina.

LeboMbili

Mkuu NyuziNaDakika, ni alama ya kutoa kweli. Zote za China zimerudi New Mexico na Texas.

Nauliza la mwisho. Baadhi ya rekodi zina jina la tarantula aliyekutwa akiburutwa. Naweza kutumia ramani ya tarantula kujaza mapengo ya ramani ya nyigu? Na nikipata sampuli mpya, nizihifadhi vipi ili swali hili la jina lisirudi?

Papasi12

Ramani ya mawindo haijazi mapengo, mkuu. Inakuonyesha mahali pa kwenda kutafuta tu. Tarantula wa Marekani ni wa jenasi Aphonopelma, na jina la tarantula kwenye rekodi za zamani lina matatizo kuliko la nyigu. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Hamilton, Hendrixson na Bond yalipunguza majina 55 ya Aphonopelma ndani ya Marekani hadi spishi 29, na kati ya hizo 14 zilikuwa mpya kabisa. Kwa hiyo jina la mawindo la kabla ya 2016 liandike kama lilivyo, kisha kwenye safu ya tafsiri weka "Aphonopelma sp." isipokuwa buibui mwenyewe amehifadhiwa na amechunguzwa upya.

Akipatikana, mhifadhi pamoja na nyigu wake kwa namba moja ya kuwaunganisha. Buibui hakai kwenye pini, hunyauka. Anaingia kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Mara nyingi atakuwa jike, kwa sababu nyigu humfuata shimoni kwake. Humtoa, humchoma kwenye utando laini karibu na mizizi ya miguu, na buibui hubaki hai lakini hana nguvu tena. Yai moja huwekwa juu ya fumbatio na shimo hufukiwa. Dume wa tarantula hukamatwa anapozurura kutafuta majike, na ni chakula hafifu, miguu mingi na fumbatio dogo. Ukubwa huo si jambo la pembeni. Nyigu jike huchagua kurutubisha yai au kutolirutubisha. Lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume, na mawindo makubwa hupewa mabinti. Ndiyo maana uzito wa buibui, ukiweza kuupima kabla ya ethanoli, ni taarifa yenye thamani kuliko sentensi tatu za maelezo. Ethanoli huvuta maji mwilini, kipimo cha baadaye hakilingani na cha hai.

Wakati wa kutafuta nyigu wenyewe, nenda kwenye maua, si kwenye mashimo. Nyigu waliokomaa hunywa nekta, na maua ya Asclepias na ya miti ya Prosopis huwavuta sana.

MshipaWaBawa

Kuhusu kuhifadhi. Usimshike kwa vidole hata ukidhani amelegea. Mwiba wa jike wa Pepsis unaweza kufika milimita 7, na katika kipimo cha maumivu cha Justin Schmidt uko daraja la 4, la juu kabisa. Maumivu hupungua baada ya dakika chache na sumu yenyewe si hatari sana kwa mamalia, lakini ndani ya dakika hizo utaangusha chupa, kibano na nyigu. Tumia kibano kirefu na chupa yenye mdomo mpana.

Kama unataka vinasaba, usiue kwa ethili aseteti. Mvuke wake huharibu DNA, na miezi baadaye maabara itakurudishia matokeo matupu bila wewe kujua kwa nini. Mgandishe kwenye jokofu la kutoa 20, kisha kata mguu mmoja wa kati wa upande wa kulia, uweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 ndani ya kichupa chenye namba ile ile, halafu ndipo umchome pini. Kipande cha kawaida cha kulinganisha ni cha jeni ya COI, herufi 658. Kinasaidia kukamata Hemipepsis aliyejificha kati ya Pepsis, lakini usikitegemee peke yake: jina lililo kwenye hifadhidata ya kulinganishia linaweza kuwa limewekwa kwa kutazama mabawa ya machungwa, na hapo umerudi ulipoanzia.

Pini namba 3 kwa mwili huu. Ipite kwenye kidari cha kati, kulia kidogo mwa mstari wa katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa anayehitaji kuona mifereji ya ubavuni. Tandaza mabawa ya upande mmoja angalau. Mishipa haisomeki yakiwa yamefungwa. Kwa dume, kabla hajakauka, vuta bamba la mwisho la chini kwa sindano liwe wazi. Akikauka limefungwa utalazimika kumlainisha: chombo chenye mchanga uliolowa, chembe chache za thimoli kuzuia ukungu, kifuniko, saa 24 hadi 48. Mweke juu ya kipande cha sponji kikavu, asiguse mchanga. Akizidi siku tatu humo viungo huanza kuachia.

Na asikae kwenye mwanga. Jua hupausha machungwa ya bawa yakawa njano hafifu, na mtu atakayekuja miaka ishirini baadaye ataandika kwamba amegundua sura mpya ya rangi.

NyuziNaDakika

Kwenye lebo ya mahali andika nchi, jimbo, umbali na upande kutoka mji unaojulikana, latitudo na longitudo kwa desimali, mwinuko kwa mita, tarehe, mkusanyaji, ua au mawindo. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, kwa mfano 4.vii.2023. Ukiandika 4/7/2023 Mmarekani atasoma Aprili, wengine Julai, na kwa nyigu wa msimu wa joto miezi hiyo miwili ni simulizi mbili tofauti.

LeboMbili

Nimeanza na safu tatu za jina. Hadi sasa rekodi 11 zilizosema formosa zimeshuka kuwa "Pepsis sp." kwa kuwa picha zina mabawa yaliyofungwa, na mbili za "Las Vegas" nimezitoa kwenye ramani mpaka nipate lebo za siku za jirani.

PiniNamba3

Hizo mbili angalia kama kuna sampuli za wadudu wengine za mkusanyaji huyo huyo, si nyigu tu. Mende na vipepeo wa safari ile mara nyingi wana lebo ndefu zaidi.